Je, Novisi Ni Sista Tayari? Njia ya Malezi Hadi Nadhiri za Daima

Binti anaondoka nyumbani na sanduku moja. Baada ya miezi kadhaa zinakuja habari kwamba sasa ni postulanti. Mwaka unaofuata familia inaambiwa amekuwa novisi, yaani yuko katika kipindi cha majaribio kabla ya nadhiri. Halafu anaweka nadhiri, ndugu wanahudhuria Misa, wanapiga naye picha, wanaanza kumwita sista. Mwaka mmoja baadaye anaweka nadhiri tena. Mwaka wa tatu, tena. Mjomba wake anauliza kwa wasiwasi wa kweli: "Kwani zile za kwanza hazikushika?"

Zilishika. Ila zilikuwa na muda wake, na muda huo uliwekwa kwa makusudi. Naandika makala hii kwa ajili ya mjomba huyo na wengine wengi wanaoichukua njia ya malezi kama darasa la shule: unapanda, unafanya mtihani, unapanda tena, na anayerudi nyumbani amefeli. Mtazamo huo umewaumiza mabinti wengi na wazazi wao. Ukiisoma Sheria ya Kanisa kwa utulivu unaona kwamba karibu kila kipengele chake kuhusu malezi kinalinda kitu kimoja, yaani uhuru wa huyo binti. Miaka yote ile ipo ili siku atakaposema "daima," neno hilo liwe lake mwenyewe, na awe anajua analolisema.

Sheria moja, katiba nyingi

Tuanze na utata unaozaa mingine yote. Malezi ya masista huongozwa na sheria za ngazi mbili. Ipo Sheria ya Kanisa zima iliyotangazwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1983, ambayo katika kanuni za 641 hadi 661 inaeleza nani apokelewe, wapi, kwa muda gani, na nani amlee. Halafu ipo katiba ya kila shirika, iliyoidhinishwa na askofu ikiwa shirika ni la kijimbo, au na Kiti Kitakatifu ikiwa ni la haki ya kipapa. Sheria kuu huweka kima cha chini na kikomo cha juu, na katiba huchagua ndani ya mipaka hiyo. Ukikutana na masista wawili, mmoja alikuwa novisi mwaka mmoja na mwingine miwili, usidhani yule alipunguziwa au huyu aliadhibiwa. Kila mmoja alifuata katiba ya kwao.

Utata mwingine uko kwenye neno lenyewe. Kwa Kiswahili tunasema "mtawa" kwa wote, lakini wapo masista wa mashirika ya kitume wanaofundisha, wanaouguza na kuhudumia parokia, na wapo wamonaki wa kike wanaoishi ndani ya monasteri kwa sala na kazi. Hao wa pili wana taratibu zao zilizotolewa na Roma mwaka 2018 katika maelekezo yaitwayo Cor Orans, yanayotaka malezi ya mwanzo yasipungue miaka 9 wala yasizidi 12. Makala hii inawahusu zaidi wale wa kwanza, ingawa mengi yanafanana.

Kabla ya novisiati

Huenda ukashangaa kusikia kwamba uaspiranti na upostulanti, hatua mbili zinazotajwa sana mitaani na parokiani, hazitajwi kwa majina katika Sheria ya 1983. Sheria iliyotangulia, ya mwaka 1917, ilidai angalau miezi 6 ya upostulanti kwa wanawake wanaojiandaa kwa nadhiri za daima. Ya sasa inasema tu, katika kanuni ya 597, kwamba mtu asipokelewe bila maandalizi yanayofaa, kisha inayaachia mashirika yenyewe yaamue maandalizi hayo yaweje. Ndiyo maana hapa tofauti ni kubwa kuliko kwingine kokote: kuna shirika lenye uaspiranti wa miaka miwili, kuna lisilo nao kabisa.

Kwa kawaida aspiranti ni msichana anayetamani na kuulizia. Pengine bado yuko kwao, anasoma au anafanya kazi, anakutana mara kwa mara na sista anayeratibu miito, anahudhuria mafungo, anaandika barua. Postulanti, neno la Kilatini lenye maana ya "anayeomba," amekwisha kuhamia katika jumuiya. Anasali na masista, anafagia, anapika kwa zamu, anakosana na mwenzake kwa sababu ya ndoo ya maji na kujifunza kumwomba radhi kabla ya masifu ya jioni. Hana nadhiri yoyote, na akitaka kuondoka anaaga na kwenda.

Katika kipindi hiki shirika nalo lina kazi ya kufanya. Linadai hati ya ubatizo na ya kipaimara, pamoja na uthibitisho kwamba msichana yuko huru, maana yake hajafungwa na ndoa wala na nadhiri kwingine. Lisimpokee mwenye madeni asiyoweza kuyalipa. Kanuni ya 642 inawataka wakubwa waangalie afya yake, tabia inayofaa na ukomavu wa kutosha, na ikibidi watumie wataalamu. Hapo sheria inaongeza neno ambalo mara nyingi husahaulika: yote hayo yafanywe bila kuvunja haki ya mtu ya kulinda siri zake. Uchunguzi wa kisaikolojia, kwa mfano, hufanywa kwa ridhaa yake, na matokeo yake si habari za kuzungumzwa mezani wakati wa chakula.

Mambo yanayobatilisha

Kanuni ya 643 ni fupi, na ningependa kila mzazi aijue. Inataja watu ambao wakipokelewa novisiati, upokeaji huo ni batili, yaani hauna nguvu hata kama kila mtu alikuwa na nia njema. Wapo ambao hawajatimiza miaka 17. Yupo mwenye ndoa inayoendelea. Yupo ambaye bado amefungwa na nadhiri katika shirika jingine, au aliyeficha kwamba aliwahi kuwa mtawa kwingine. Na yupo aliyeingia kwa kulazimishwa, kwa hofu kubwa au kwa kudanganywa.

Hili la mwisho linafaa kutazamwa kwa makini, kwa kuwa sheria inalitaja kwa pande zote mbili. Binti asilazimishwe kuingia, na mkubwa wa shirika asilazimishwe kumpokea. Mama aliyemwahidi Mungu binti yake kabla hajazaliwa alifanya tendo la imani yake mwenyewe, lakini ahadi hiyo haimfungi mtoto. Msichana anayekimbilia konventi ili tu akwepe kuozwa anastahili ulinzi na msaada wa haraka, na bado anahitaji muda wa kujiuliza kama anakwenda mahali fulani au anatoka mahali fulani. Mfadhili anayemshinikiza Mama Mkuu ampokee mpwa wake naye anaangukia kwenye kanuni hiyohiyo.

Ukali huu una historia. Kwa karne nyingi huko Ulaya zilikuwepo familia zilizowasukuma mabinti monasterini ili kuokoa urithi na mahari, ambayo huko ililipwa na upande wa binti. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ulipiga marufuku nadhiri kabla ya kutimiza miaka 16 na kabla ya mwaka mmoja wa majaribio. Uliagiza pia askofu aulizie kwa uangalifu kama msichana anataka mwenyewe, na ukamtenga na Kanisa yeyote anayemlazimisha mwanamke kuingia utawani. Umri ukaendelea kupanda. Sheria ya 1917 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuanza unovisi. Ya 1983 imesogeza hadi 17 kwa unovisi, 18 kwa nadhiri za kwanza na 21 kwa nadhiri za daima. Hivyo ni viwango vya chini tu, na mashirika mengi huvipandisha.

Kila nikifikiria kanuni hiyo humkumbuka Mtakatifu Yosefina Bakhita. Aliibwa angali mtoto huko Sudan, akauzwa na kuuzwa tena, hatimaye akafikishwa Italia. Bibi aliyemmiliki alipotaka kuondoka naye kurudi Afrika, Bakhita alikataa, na tarehe 29 Novemba 1889 mahakama ya Venice ikatamka kwamba yu mtu huru. Alibatizwa Januari 1890. Hakuingia novisiati ya Masista Wakanosa hadi Desemba 1893, na nadhiri zake za kwanza aliziweka tarehe 8 Desemba 1896. Mtu ambaye maisha yake yote watu wengine walikuwa wamemwamulia alipewa miaka saba, tangu siku ile ya mahakama, ya kuamua mwenyewe.

Miezi kumi na miwili isiyochezewa

Sasa tufike novisiati, moyo wa malezi yote. Kanuni ya 646 inasema hapa ndipo maisha katika shirika yanapoanza. Hata hivyo ibada ya kumpokea novisi ni ya kimyakimya: taratibu za liturujia zilizotolewa mwaka 1970 zinataka ifanyike nje ya Misa, mbele ya jumuiya tu. Wageni hawakaribishwi kwa mamia, na sababu yake ni ya huruma. Novisi anayeona kwamba hii si njia yake asibanwe na kumbukumbu ya sherehe kubwa iliyogharimu ukoo mzima.

Kuhusu muda, sheria haina mzaha. Unovisi ni lazima uwe na miezi 12 ndani ya jumuiya ya novisiati yenyewe, katika nyumba iliyotengwa kwa hati ya maandishi ya mkubwa wa shirika. Katiba inaweza kuongeza vipindi vya kazi za kitume nje ya nyumba hiyo, lakini jumla isizidi miaka 2. Siku zinahesabiwa. Novisi aliyekwenda kumzika baba yake akakaa siku 10, hana deni. Akikaa 20, amevuka kikomo cha siku 15 na itabidi kufidia. Na kama kutokuwepo kwake, kwa mfululizo au kwa vipande, kumezidi miezi 3, unovisi wote umebatilika na utaanzwa upya. Kwa hiyo familia inapoambiwa "haruhusiwi kuja kukaa mwezi mzima," huo si ugumu wa roho wa mlezi. Analinda uhalali wa nadhiri zitakazofuata.

Kwa nini miezi 12? Wazo ni la kale sana. Mtakatifu Benedikto, katika karne ya 6, aliagiza kwamba anayekuja kuomba utawa asifunguliwe mlango kwa urahisi. Aendelee kubisha siku nne au tano. Akikubaliwa, baada ya miezi 2 asomewe Kanuni yote ya monasteri na kuambiwa: hii ndiyo sheria unayotaka kuitumikia, ukiweza kuishika ingia, usipoweza nenda zako kwa uhuru. Baada ya miezi 6 asomewe tena. Baada ya miezi 4, mara ya tatu. Jumlisha: miezi 12. Mlango wa kutokea uko wazi katika kila hatua, na aliyeuacha wazi ni yuleyule mwenye kuweka sheria.

Siku ya novisi, kwa anayeitazama kutoka nje, haina la kusimulia. Kengele inalia kabla hakujapambazuka. Shela nyeupe inafungwa kwa haraka mbele ya kioo kidogo. Kapela, masifu ya asubuhi, nusu saa ya kutafakari neno moja la Injili huku usingizi ukipiga hodi, kisha Misa. Halafu kazi za mikono. Halafu somo: Maandiko Matakatifu, katiba ya shirika ikisomwa kifungu kwa kifungu, maisha ya mwanzilishi, maana ya kila nadhiri. Mchana, kimya. Katika nyumba nyingi simu huwekwa kando kwa sehemu kubwa ya mwaka huo. Masomo ya kidunia husimamishwa, kwa kuwa kanuni ya 652 inakataza kumpa novisi masomo na majukumu yasiyohusu malezi moja kwa moja. Aliyekuwa mwalimu haingii darasani kufundisha, na aliyekuwa muuguzi havai sare.

Hapo ndipo wengi hupata taabu. Mtu aliyezoea kusifiwa kwa kazi zake anajikuta hana kazi ya kusifiwa. Anabaki yeye, wenzake, na Mungu. Wivu unajitokeza, hasira iliyolala miaka mingi inaamka, na sala iliyokuwa tamu upostulanti inakuwa kavu. Walezi wenye uzoefu hawashtuki wakiona hayo. Kwao ni dalili kwamba kazi imeanza.

Mlezi wa wanovisi lazima awe mtawa mwenye nadhiri za daima, aliyeteuliwa rasmi. Anazungumza na kila mmoja peke yake, mara kwa mara. Anauliza: ulipokatazwa jana, uliwaza nini? Sala inakwendaje? Umesamehe? Novisi anaalikwa kufunguka, na asipofunguka kabisa kumlea ni kazi ngumu. Lakini kuna mpaka. Kanuni ya 630 inawakataza wakubwa kumshawishi mtawa kwa namna yoyote awafunulie dhamiri yake. Akitaka kufungua moyo, afanye hivyo kwa hiari yake. Kwa mtazamo wangu huu ndio ustadi mgumu kuliko wote katika malezi: kuwa karibu na mtu kiasi cha kuaminiwa bila kubomoa mlango wake wa ndani. Mlezi anayetumia alichoambiwa kwa siri kama silaha ya tathmini amevunja kitu kisichorudishika kwa msamaha wa siku moja.

Novisi anaweza kuondoka wakati wowote bila kuomba kibali cha mtu, na shirika linaweza kumrudisha. Mwaka ukiisha, akionekana anafaa anakubaliwa kuweka nadhiri. Ikibaki shaka, anaweza kuongezewa muda usiozidi miezi 6. Kuongezewa muda si aibu. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu aliingia monasteri ya Karmeli huko Lisieux tarehe 9 Aprili 1888 akiwa na miaka 15, akavikwa vazi Januari 10, 1889, na alitarajia kuweka nadhiri mwaka mmoja baadaye. Wakubwa wakamwambia asubiri. Aliziweka Septemba 8, 1890, miezi minane baada ya siku aliyoitarajia. Leo ni Mwalimu wa Kanisa.

Basi jibu la swali la kichwa cha makala: novisi anaishi maisha ya shirika, lakini kisheria bado si mtawa. Hajafungwa na nadhiri, na kumwita sista ni heshima ya mazoea tu.

Nadhiri zenye tarehe ya mwisho

Siku ya nadhiri za kwanza hali inabadilika. Mbele ya mkubwa wa shirika, au aliyemwakilisha, anatamka kwa sauti yake fomula iliyo katika katiba, akiahidi usafi kamili katika useja, ufukara na utii, kwa muda unaotajwa. Kuanzia hapo ni mtawa, mwanashirika mwenye haki na wajibu. Kila nadhiri ina maana yake na mipaka yake. Utii, kwa mfano, ni kujiweka chini ya wakubwa halali wanapoagiza kwa mujibu wa katiba. Sista hakuahidi kutii kila kinachomjia mtu kichwani.

Sheria inataka kipindi cha nadhiri za muda kisipungue miaka 3 wala kisizidi 6. Ikibidi kinaweza kurefushwa, ila jumla isivuke miaka 9. Namna ya kuihesabu ni ya katiba. Mashirika mengi huweka nadhiri za mwaka mmoja mmoja, mengine za miaka mitatu kwa mpigo, na muda ukiisha zinafanywa upya. Mjomba ajue hivyo: nadhiri ya mwaka mmoja inafunga kweli kwa mwaka mmoja, na siku ilipoisha binti alisimama akiwa huru tena. Alipoiweka upya aliulizwa upya, akajibu upya. Mama Teresa wa Kolkata aliweka nadhiri za kwanza kwa Masista wa Loreto mwezi Mei 1931 na za daima Mei 1937. Miaka sita kamili.

Sista juniori, kama anavyoitwa katika kipindi hiki, anaonekana sana. Yuko shuleni, hospitalini, chuoni, kwenye kwaya ya watoto. Hapa nina hofu, na naisema wazi. Kipindi hiki ndicho kinachopungukiwa malezi kwa urahisi zaidi, kwa sababu shirika lenye kazi nyingi na watu wachache hushawishika kumjaza kijana majukumu ya mtu wa miaka 40. Anaamka alfajiri, anarudi usiku, tafakari inarukwa, mazungumzo na mlezi wake yanaahirishwa wiki hadi wiki. Kanuni ya 660 imeliona hilo: wasipewe vyeo na kazi zinazozuia malezi. Juniori aliyechoka hivyo akija kuondoka mwaka wa tano, watu husema wito wake ulikuwa dhaifu. Mara nyingine ulikuwa na njaa.

Mshahara, shamba na urithi

Jambo hili huzua manung'uniko mengi kwenye familia kuliko mengine yote, kwa hiyo nilifafanue. Watu hudhani sista akiweka nadhiri ya ufukara, shamba aliloachiwa na baba yake linahamia kwa shirika. Katika mashirika ya kawaida ya kitume sivyo. Kanuni ya 668 inamtaka, kabla ya nadhiri za kwanza, akabidhi usimamizi wa mali yake kwa mtu amtakaye na kupanga matumizi yake. Umiliki wenyewe unabaki wake. Kabla ya nadhiri za daima anaandika wosia, nao uwe na nguvu mbele ya sheria za nchi.

Anachokipata kwa kazi yake ni hadithi nyingine. Mshahara wa mwalimu sista, malipo ya muuguzi sista, zawadi anayopewa kwa sababu ni mtawa, vyote ni vya shirika. Kadhalika pensheni, ruzuku na bima, isipokuwa katiba iseme vinginevyo. Hivyo kaka anayemwuliza "unapokea mshahara halafu unashindwa kunisaidia ada?" hajibiwi kwa uchoyo. Hela hiyo haijapita mkononi mwake. Akitaka kusaidia nyumbani anaomba, na jumuiya inaamua kulingana na uwezo wake. Ufukara wa sista, kwa vitendo, ndio huo: kuomba kila kitu, hadi sabuni na nauli.

Anayeondoka

Nadhiri za muda zikiisha, sista anaweza kwenda zake bila kuomba ruhusa. Akitaka kuondoka kabla ya muda kuisha, anahitaji kibali cha mkubwa wa shirika na baraza lake. Shirika nalo, kwa sababu ya haki, linaweza kutomkubali aendelee. Ugonjwa uliojitokeza baada ya nadhiri unaweza kuwa sababu, lakini sheria inaweka kizuizi kizito: kama aliugua kwa uzembe wa shirika au kwa ajili ya kazi aliyopewa humo, hiyo haiwezi kuwa sababu. Na aliyepatwa na ugonjwa wa akili akiwa na nadhiri za muda, hata kama hawezi kuweka nadhiri mpya, hafukuzwi.

Anayeondoka hawezi kudai malipo ya kazi alizofanya. Lakini kanuni ya 702, hiyohiyo inayosema hivyo, inaliagiza shirika limtendee kwa usawa na upendo wa Kiinjili. Kumtoa mwanamke wa miaka 29 getini na nauli ya basi tu ni kinyume cha sheria ya Kanisa, achilia mbali Injili. Na sisi tulioko nje tuna sehemu yetu. Aliyerudi asiulizwe alifanya kosa gani. Huenda alifanya kile hasa alichotakiwa kufanya katika miaka ile: alichunguza kwa uaminifu, akaona.

Karatasi juu ya altare

Anayeendelea huandika barua kwa mkono wake kuomba nadhiri za daima. Awe ametimiza miaka 21 na amekaa angalau miaka 3 katika nadhiri za muda. Mashirika mengi humtoa kazini miezi kadhaa, wakati mwingine mwaka mzima, arudi kwenye kimya kama cha novisiati, akiwa sasa na umri na makovu aliyokuwa hana.

Ibada hii ni ndani ya Misa, na watu wanaalikwa. Anaitwa kwa jina, anasimama na kuitika. Baada ya mahubiri anaulizwa maswali, kila moja akilijibu peke yake mbele ya watu wote. Kisha analala kifudifudi sakafuni, na kanisa zima linapiga magoti kuimba Litania ya Watakatifu juu yake. Anaponyanyuka anatamka nadhiri, na katika mashirika mengi anakwenda hadi altareni kuitia sahihi karatasi aliyoiandika. Nimewahi kukaa kiti cha mbele siku kama hiyo. Kalamu haikuandika mara ya kwanza. Sista aliitikisa, akajaribu tena taratibu, na kanisa lote lilikuwa kimya kiasi cha kusikia ncha yake ikipita juu ya karatasi. Halafu inafuata baraka kuu, na kwa mashirika yenye desturi hiyo, pete.

Tangu saa hiyo sheria inamtazama kwa namna nyingine. Hawezi tena kufunga ndoa halali, kwa kuwa nadhiri ya hadhara na ya daima ya usafi ni kizuizi kinachobatilisha ndoa. Akitaka kuondoka, ni kwa sababu nzito sana zilizopimwa mbele ya Mungu, na ombi lake huamuliwa na Kiti Kitakatifu, au na askofu ikiwa shirika ni la kijimbo. Malezi hayaishi, maana kanuni ya 661 inamtaka ayaendeleze maisha yake yote, lakini anayemlea sasa kwa sehemu kubwa ni yeye mwenyewe.

Baadaye barua inatumwa kwenye parokia alikobatizwa. Nadhiri za muda hazikuandikwa huko, ila za daima kanuni ya 535 inataka ziandikwe katika daftari la ubatizo. Paroko, ambaye pengine hajawahi kumwona, anatoa daftari la zamani kabatini na kupekua hadi kufikia mwaka ule. Anaupata mstari wenye jina la mtoto mchanga, majina ya wazazi wake na msimamizi. Pembeni pana nafasi ndogo. Anaandika tarehe na jina la shirika, kisha: nadhiri za daima.